Shule Iliyojengwa kwa Msaragambo: Elimu ya Misheni na Malezi Yetu Kilema



Kila mwaka tunapokutana kuchangia shule zetu, huwa hakosekani anayeuliza: kwa nini tuchange? Shule nyingi ni za serikali, na mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Swali hilo ni la haki, na historia ya kwetu inalo jibu. Wengi wetu tukieleza tulivyolelewa hutaja misheni: nidhamu, ukweli, kuheshimu kazi, kuchunga muda. Ni vema tujue malezi hayo yalitokana na nini hasa, ili tujue pia yanaweza kupotea kwa njia gani.

Wageni wa Mangi Fumba

Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont alipanda mlima wetu akitokea pwani. Alifuatana na mapadre wawili wa Shirika la Roho Mtakatifu, Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger. Shirika hilo lilikuwa limefungua misheni ya Bagamoyo tangu 1868. Huko watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma, kusali, kulima na ufundi wa mikono. Utaratibu huo wa kitabu na jembe kwenda pamoja ndio waliokuja nao Kilimanjaro.

Mangi Fumba aliwapokea. Si lazima tudhani kwamba alikuwa anatafuta ubatizo. Nyakati zile kila mangi alipenda kuwa na mgeni wake wa kizungu, kwa ajili ya heshima na kwa ajili ya kujikinga na majirani. Waingereza wa Kianglikana walikuwa wamekaa Moshi kwa Mangi Rindi tangu 1885. Walutheri wa Leipzig walifika 1893 wakaanzia Machame. Wakatoliki walitoka Kilema wakaenda Kibosho mwaka huohuo wa 1893, miaka miwili tu baada ya jeshi la Wajerumani kumshinda Mangi Sina, kisha wakafika Mkuu Rombo mwaka 1898. Ramani ya dini tunayoiona leo, Kilema na Kibosho kuwa Wakatoliki kwa wingi, Marangu na Machame Walutheri, ilichorwa na maamuzi ya wamangi kuliko mahubiri ya mtu yeyote.

Shule ilikuja pamoja na misheni, na lengo lake halikufichwa: kupata Wakristo. Mtoto alijifunza kusoma ili asome katekisimu. Lakini anayejua kusoma sala anajua pia kusoma barua, hesabu ya mizani na hati ya shamba. Wazazi waliona faida hiyo mapema.

Mwalimu aliyekaa kijijini

Tukisema "shule ya misheni" wengi huona jengo la mawe karibu na kanisa, na padre mwenye kanzu. Lakini mtoto wa kawaida wa kizazi cha babu zetu hakufundishwa na padre. Alifundishwa na katekista, mtu wa ukoo fulani aliyejulikana, katika kibanda cha kijijini kilichoezekwa kwa majani. Hizo ndizo zilizoitwa shule za kichaka. Padre alipita mara mojamoja kukagua.

Baada ya Waingereza kuchukua Tanganyika, mambo yalianza kubadilika. Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, na Sheria ya Elimu ya 1927 ikaweka utaratibu wa serikali kusaidia shule za misheni zilizofikia kiwango na zenye walimu wenye vyeti. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu Dar es Salaam akawahimiza washirikiane na serikali na watangulize shule, hata kama kazi nyingine za misheni zingesubiri. Kuanzia hapo shule za misheni zilipanda hadhi kweli.

Ila ruzuku hiyo haikufika kwenye kibanda cha katekista, kwa sababu hakuwa na cheti. Shule hizo ndogo zilibebwa na wazazi. Wao ndio waliokata nguzo, wakabeba mawe na mchanga, wakamlisha mwalimu ndizi na maharage. Ilipofika zamu ya kujenga darasa la kudumu, mtaa uliitwa kwenye msaragambo.

Neno hilo ndugu zetu waliozaliwa mjini huenda hawalijui vizuri. Msaragambo ni kazi ya pamoja ambayo hakuna anayelipwa na hakuna anayeruhusiwa kukwepa. Wachagga waliijua kabla ya padre yeyote kuja. Mifereji inayoleta maji vihambani ilichimbwa na kutunzwa hivyo: kila nyumba ilitoa mtu siku ya kuzibua, na aliyekosa alitozwa faini. Shule ilipoingia mtaani ilitendewa kama mfereji. Ilihesabiwa kuwa mali ya wote, na aliyeitelekeza alikuwa ameyanyima maji mashamba ya wenzake.

Kengele, jembe na dhamiri

Malezi yenyewe yalikaa zaidi katika mambo madogo yaliyorudiwa kila siku kuliko katika hotuba.

Kwanza ni kengele. Iligonga kwa mwenye viatu na asiye na viatu, kwa mtoto wa mchili na kwa mtoto wa mjane. Aliyechelewa alichelewa. Hapo ndipo watu wengi wa kwetu walipojifunza kwamba muda wa mwenzako ni mali yake.

Pili ni jembe. Shule ilikuwa na shamba, na mwanafunzi alilima. Ni kwa njia hiyo kahawa ilijulikana: miche ya arabika ilioteshwa kwenye shamba la misheni ya Kilema, na kutoka humo ikaingia vihambani. Wakulima walipounda chama chao mwaka 1925, na kisha KNCU mwaka 1933, palihitajika makarani wa kusoma mizani, kuandika stakabadhi na kutunza daftari bila kuiba. Vijana wengi wa kazi hiyo walitoka katika shule za misheni, za Kikatoliki na za Kilutheri. Kahawa nayo ikarudi kulipa karo ya wadogo zao. Shule ilizaa kahawa, na kahawa ikasomesha.

Tatu ni dhamiri. Mtoto alifundishwa kukaa kimya kabla ya kulala na kujiuliza: leo nimemkosea nani? Mila yetu ilikuwa tayari na njia ya kuomba msamaha, kwa kumpelekea uliyemkosea jani la sale. Shule iliongeza jambo jingine: ukweli hata pale ambapo hakuna aliyekuona. Karani asiyegusa senti ya ushirika wakati hakuna mkaguzi alikuwa na mzizi huo.

Nne ni kuishi na wengine. Waliofaulu mitihani ya kuchuja, ule wa darasa la nne na ule wa darasa la nane, waliweza kupelekwa mbali na mlima, wengine hadi St. Mary's ya Tabora au St. Francis ya Pugu. Huko Mchagga alilala bweni moja na Mmakonde, Mhaya na Msukuma. Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule zote hizo mbili, Tabora kuanzia 1946 na baadaye Pugu, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili kuitumikia TANU. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso huko Masasi, alisoma Ndanda, seminari ya Kigonsera, kisha Pugu. Wazo la kwamba sisi ni taifa moja lilikuzwa pia kwenye meza za mabwalo ya shule hizo.

Yaliyotuumiza

Historia ya kusifu tu haimfundishi mtu. Shule hizo zilikuwa na fimbo nyingi, na utii uliodaiwa mara nyingine ulimfanya mtoto aogope kuuliza swali. Mambo mengi ya mila yaliwekwa katika fungu la upagani bila kuchambuliwa, mema pamoja na mabaya, na mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana wakati wa jando yakapotea pamoja na sherehe zake. Ushindani wa Wakatoliki na Walutheri uligawa hata koo: ndugu wa baba mmoja wakawa hawahudhurii arusi za wenzao. Mtoto wa Kiislamu alipata nafasi kwa shida, na mara nyingi kwa masharti ya dini isiyokuwa yake.

Wasichana nao walikawia kufunguliwa mlango. Hatua kubwa ilikuwa mwaka 1931, Askofu Henry Gogarty alipoanzisha Shirika la Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, wale tunaowaita Masista wa Huruma, huko Rombo. Binti wa Kichagga alimwona mwanamke wa kwao akiwa mwalimu au muuguzi, na mzazi akaona kwamba kumsomesha binti si kumtajirisha mkwe.

Mwaka 1970 na baada yake

Uhuru ulikuta shule nyingi mikononi mwa makanisa. Mwalimu, Mkatoliki aliyehudhuria misa, aliona kwamba nchi haiwezi kuendelea ikiwa nafasi ya mtoto inategemea mahali alipobatizwa. Mwaka 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea, ambayo ilirudisha jembe shuleni kwa jina jipya. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 iliyoanza kutumika 1970 ikaweka shule zilizokuwa zinapata ruzuku mikononi mwa serikali. Seminari zilibaki kwa Kanisa. Mwaka huohuo wa 1970 Mwalimu aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisilosimama upande wa maskini katika kupinga umaskini wao litapoteza maana kwao. Kwake, kuchukua shule na kuliheshimu Kanisa havikupingana.

Uamuzi ule uliwafungulia mlango watoto wengi waliokuwa nje, na hilo tulishukuru. Lakini kuna jambo lilitokea polepole bila kukusudiwa. Shule ilipokuwa ya serikali, wengi tuliacha kuiona kuwa yetu. Bati likitoboka tuliandika barua wilayani, badala ya kupanda juu na nyundo.

Kilimanjaro haikulala kabisa. Nafasi za sekondari zilipokuwa haba katika miaka ya 1970 na 1980, wazazi wa mkoa huu walijenga sekondari zao kwa nguvu zao wenyewe, hata mkoa ukajulikana nchi nzima kwa hilo. Msaragambo ulikuwa bado una pumzi. Baadaye, mwaka 1992, serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya, na Kanisa likaendelea kujenga sekondari mpya.

Hapo ndipo tulipo leo, na ndipo panapouma. Shule za Kikatoliki zinazosifiwa kwa matokeo ya mtihani sasa nyingi ni za bweni na za karo kubwa. Mwenye uwezo, nasi wa mjini tumo, anampeleka mwanawe huko. Mtoto wa jirani aliyebaki kijijini anakwenda shule ileile ambayo babu yetu aliibebea mawe, na wanaoikumbuka ni wachache. Malezi yaliyokuwa ya mtoto wa mjane yanageuka kuwa ya mwenye pesa. Waliokaa kwenye kibanda cha katekista wangetushangaa.

Jibu la swali

Basi kwa nini tuchange? Kwa sababu jina la mtakatifu juu ya lango peke yake halikutulea. Tulilelewa na mwalimu aliyekaa kati yetu na kulishwa na sisi, kengele isiyobagua, shamba la kulima, na wazazi ambao mtoto aliwaona kwa macho yake wakibeba mchanga ili yeye asome. Mtoto anayemwona baba yake akijenga darasa ambalo hata watoto wa wengine watakaa, ameshafundishwa somo la kwanza la maadili kabla hajafungua daftari. Hilo ndilo shule ya misheni ililifanya vizuri kuliko yote, na halihitaji ruhusa ya wizara wala jimbo ili lifanyike tena.

Kwa hiyo mchango tunaouomba ni wa shule zote za Kilema, za serikali na za parokia, na ni wa watoto wote, Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu. Hapo tutakuwa tumelipa pia deni la mabaya tuliyoyataja, kwa kufungua mlango ambao zamani ulikuwa mwembamba.

Aliye nyumbani atoe siku yake ya kazi, kokoto au mbao. Aliye Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au ng'ambo atoe fedha, na Desemba akipanda mlimani apite shuleni mchana kabla ya mbege jioni, awasalimie walimu, aulize kinachokosekana. Fundi bomba, mhasibu, daktari, kila mmoja ana saa mbili za kuwapa wanafunzi. Fomu ya ahadi imeambatanishwa na kijitabu hiki. Jaza kiasi unachoweza kukitimiza, kisha ukitimize, maana kutimiza ahadi nako tulifundishwa kulekule.

Mfereji wetu unahitaji kuzibuliwa, ndugu zangu. Zamu ni yetu.