Bendi Moja, Majina Manne: Kwa Nini Simu Haizijui Kaseti za Mzee

Kuna mshkaji mmoja wa Mfaranyaki, Songea, aliachiwa na marehemu baba yake boksi la kaseti. Siyo za dukani. Ni zile za kurekodi redioni: mzee kakaa kando ya redio, kidole kwenye kitufe, anasubiri mtangazaji anyamaze. Wengi walipata muziki wao hivyo. Bendi zetu zilirekodi sana studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ila kiwanda cha santuri nchini hakikuwepo. Santuri nyingi zilitoka Nairobi, na mwaka 1977 mpaka ukafungwa. Kaseti ndiyo ikaokoa jahazi.

Jamaa akazihamishia kwenye laptop, wimbo mmoja mmoja, kisha akajiunga na huduma ya kuhifadhi muziki mtandaoni. Sasa, huduma za aina hii hazipakii kila kitu. Zinalinganisha kwanza. Wimbo wako ukifanana na uliopo kwenye ghala lao, unapewa wa kwao, msafi. Usipofanana, ndipo wako unapakiwa. Apple walianza nayo Marekani mwaka 2011 kwa jina la iTunes Match, dola 24.99 kwa mwaka. Apple Music yenyewe ilitua Tanzania 2020.

Dah, ikawa vurugu. Nyimbo nusu hazikutambuliwa, nyingine zikarudi na majina ya ajabu.

Chukua bendi ya NUTA Jazz, iliyoanza 1964. Jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki ilipobadilika, bendi nayo ikabadili jina: JUWATA, halafu OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa mzee ni bendi ileile. Kwa kompyuta ni wasanii wanne wasiojuana. Kwenye jalada mzee kaandika “Sikinde” kwa kalamu ya wino, ghala linamjua DDC Mlimani Park Orchestra. Nani atawaunganisha?

Na majina hayakuwa tatizo la huku tu. Mwanzoni Apple Music ililinganisha kwa maandishi: jina la wimbo, msanii, albamu. Wateja wakalalamika kwamba wanapewa toleo la jukwaani badala ya la studio. Mwaka 2016 ndipo wakaanza kuleta ulinganishaji wa sauti yenyewe. Hata huo kaseti inaupiga chenga: mkanda ukizunguka taratibu kidogo tu, sauti inashuka na mashine haiitambui tena.

Jamaa akakaa wiki nzima anasahihisha majina. Msaada mkubwa ulikuwa shangazi yake wa Lizaboni, ambaye akisikia gitaa la mwanzo tu anataja bendi. Nyimbo zikaanza kutambulika. Akafurahi, akafuta mafaili ya kwenye laptop apate nafasi. Kosa hilo.

Jioni anamchezea shangazi wimbo mmoja. Msafi, hauna hata mkwaruzo. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Mwanangu, na kaka yangu yuko wapi?”

Kumbe mzee alikuwa na tabia ya kuongea juu ya sekunde za mwisho kama mtangazaji: anataja siku, hali ya mvua, nani yupo nyumbani. Huduma ilikuwa imempa wimbo sahihi kabisa, bila baba.

Bahati nzuri kaseti zenyewe jamaa alitaka kuzitupa, shangazi akazisweka uvunguni. Wakaazima deki upya. Safari hii hakukata nyimbo. Kila upande wa kaseti akauacha faili moja la dakika 45, kitu ambacho hakipo kwenye ghala lolote, kwa hiyo kikapakiwa kama kilivyo. Kinasomeka “Kaseti ya Baba, upande A”. Nakala nyingine iko kwenye flashi, kwa shangazi, na hataki kuiazimisha.