Safura na Upungufu wa Damu

Aghalabu wafasiri wa vijitabu vya afya huyatumia maneno "safura" na "upungufu wa damu" kana kwamba ni jina moja la ugonjwa mmoja. Historia yaonyesha kwamba tofauti yao si ya lugha tu, bali yafika hadi kwenye sahani ya mgonjwa.

"Safura" ni neno la asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya rangi ya manjano. Mwaka 1870 David Livingstone, akiwa Bambarre katika nchi ya Wamanyema, aliandika katika shajara yake kwamba watu wa Unguja waliuita hivyo ugonjwa wa kula udongo. Ulipimwa kwa kubinya ukucha: damu isipoonekana chini yake, hiyo ni safura. Dawa aliyoelezwa ilikuwa siki kuukuu ya mnazi iliyotumbukizwa mavi ya chuma yenye moto, pamoja na mvuje. Kisha mgonjwa alikatazwa nyama ya ng'ombe, samaki, mayai na siagi kwa miaka miwili.

Tukiipima tiba hiyo kwa elimu ya leo, twaona kwamba mkono mmoja ulitoa na wa pili ukanyang'anya. Siki huyeyusha chuma, na mwili huhitaji madini hayo ili kuunda hemoglobini, ambayo huipa damu wekundu na kubeba oksijeni. Lakini nyama na samaki, ambavyo chuma chake mwili hukifyonza kwa urahisi, vilipigwa marufuku.

Mwaka 1843 Angelo Dubini wa Milano alichapisha habari za mnyoo aliouona katika utumbo wa maiti. Baadaye ilithibitika kwamba mnyoo huyo hunyonya damu, na kwamba huingia mwilini kupitia ngozi. Leo "safura" ni jina la ugonjwa uletwao na minyoo hiyo. "Upungufu wa damu" ni hali, nayo ina sababu nyingi: safura yenyewe, malaria, selimundu, na lishe haba.

Hivyo hatuna budi kuyatenga maneno haya. Mwenye upungufu wa chuma aambiwe ale maini, dagaa, maharage na mchicha, pamoja na chungwa au pera, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwani hukizuia. Mwenye safura aambiwe hayo, lakini kwanza apate dawa ya minyoo, avae viatu, atumie choo; la sivyo anajaza mtungi uliotoboka.

Wala neno "upungufu" lisimfanye msomaji adhani kwamba dawa ni kunywa chochote chekundu. Twapendekeza kila mfasiri ataje sababu kando ya hali: "upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa madini ya chuma". Ni maneno mengi, lakini yanamwonyesha mama wa nyumbani la kufanya.