Kutoka Nyumba ya Wagonjwa Vugiri hadi Sahani ya Vishimo 96

Enzi za Wajerumani, Mzungu aliyedhoofishwa na homa ya tambarare alipandishwa Vugiri, milima ya Usambara juu ya Korogwe, apate hewa ya baridi. Huko walijenga nyumba ya kupumzishia wagonjwa. Siri ya mlima haikuwa yao. Robert Koch, mtafiti wa Kijerumani wa magonjwa, alipofika Usambara, mwishoni mwa miaka ya 1890, wenyeji walimweleza kwamba anayeshuka bondeni huumwa na mbu na kurudi na homa. Koch aliyaandika hayo. Majina ya waliomweleza hayakuandikwa.

Kuthibitisha tofauti ya mlima na bonde kwa namba kulichukua muda. Hadubini huonyesha vimelea vya malaria vilivyomo kwenye damu siku hiyo. Haisemi mtu ameambukizwa mara ngapi miaka ya nyuma. Kinachobaki ni kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea. Mbinu ya Rosalyn Yalow na Solomon Berson, ya miaka ya 1950, ilipima viasi vidogo sana vya vitu katika damu, lakini kwa kutumia mionzi. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann, huko Stockholm, walichapisha mbinu iliyotumia kimeng'enya badala ya mionzi: ELISA. Wataalamu wa Uholanzi walitoa inayofanana nayo mwaka huohuo.

Sahani ya plastiki ya ELISA ina vishimo 96. Kila kishimo hupakwa protini ya kimelea, kisha hutiwa majimaji ya damu. Kingamwili zikiwemo hunata, nyingine huoshwa. Kingamwili ya pili, yenye kimeng'enya, huzishika zilizonata, na rangi hutokea. Rangi ikikolea, kingamwili ni nyingi.

Mwaka 2005 Chris Drakeley na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya namna hii kutoka vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania, Usambara ikiwemo. Kadiri kijiji kilivyokuwa juu, ndivyo watu walivyochelewa kupata kingamwili. Waliyoyasema wenyeji wa Usambara kwa Koch sasa yalikuwa na mchoro.

Korogwe haikuishia hapo. Mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya, waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S. Ilipunguza malaria kwa asilimia 53, na kingamwili zao zilipimwa kwa ELISA. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike.

Siku hizi kingamwili yenyewe ni dawa. Ile iitwayo CIS43LS ilijaribiwa kwa watu wazima nchini Mali. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi kubwa ilizuia maambukizi kwa asilimia 88 kwa miezi sita. Ndugu yake, L9LS, imejaribiwa kwa watoto wa Siaya, Kenya. Hapa kipimo cha zamani kinakwama: mkazi wa eneo la malaria huenda tayari ana kingamwili zake dhidi ya protini ileile ya kimelea inayolengwa na dawa, na rangi haitofautishi za mwili na za sindano. Ndiyo maana vifurushi vya kupimia dawa za aina hii mara nyingi huwa na kingamwili maalumu iliyotengenezwa kuishika dawa pekee. Damu huchukuliwa mara kwa mara, ijulikane dawa inashuka lini chini ya kiwango cha kulinda. Kwa maoni yangu hapo ndipo hesabu ya Usambara inaporudi kazini: sindano ghali kama hii ianze kwa mtoto wa bondeni, na ramani ya kumtafuta imeshaanza kuchorwa.