Kuonja na Kupima Munkoyo

Watu wa pwani wana methali isemayo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huku Lubumbashi hatugemi minazi, lakini maana yake tunaielewa vizuri. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, imelindwa siku zote na ulimi wa yule anayeinywa. Ndiyo maana tumeona vema kueleza namna inavyoonjwa na kupewa cheo, ili vijana wa Hewa Bora na wa mitaa mingine wasipoteze ujuzi huo.

Munkoyo ni ya huku Katanga na ya ndugu zetu wa Zambia pia. Mji wetu ulipoanzishwa mwaka 1910, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi. Wafanyakazi wengi wa miaka ile ya kwanza walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilitaka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto. Bamama wakaja na ujuzi wao wa chungu. Baadaye bia ya chupa ilichukua heshima ya baa na ya sherehe, na munkoyo ikabaki kinywaji cha nyumbani na cha sokoni.

Kazi yake inataka uvumilivu. Uji wa unga wa mahindi unapikwa muda mrefu, halafu unaachwa upoe. Ukiwa vuguvugu, inatiwa mizizi iliyopondwa ya mmea wa porini wa jamii ya maharagwe, ule ambao wataalamu wanauita Rhynchosia ao Eminia. Baada ya saa chache uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu, bila mtu kutia hata kijiko cha sukari. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi na kuugeuza kuwa sukari. Ukiitia uji ungali moto sana, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki uji. Bamama walijua jambo hili kwa kidole, zamani kabla ya maabara. Mwaka 2012 wanasayansi wa Kongo na wa Ubelgiji walitoa uchunguzi wao juu ya munkoyo ya Kongo, na namna inavyochacha yenyewe.

Sasa, munkoyo inapimwa namna gani? Kwanza ni macho: iwe nyepesi, isiwe na mabonge ya uji. Pili ni pua: harufu ya mizizi isikike, kama harufu ya udongo baada ya mvua. Tatu ni ulimi: utamu utangulie, uchachu ufuate, na mwishoni ubaki ukali kidogo wa mzizi. Mnunuzi mwenye akili anauliza: "Mama, ni ya leo ao ya jana?" Ya leo ni tamu, hata mtoto anapewa. Ya jana imeanza kukata, na watu wazima wengi wanaipenda hivyo. Na desturi inataka mwenye kutengeneza aonje kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wapokee kikopo.

Wengine watasema kwamba kupima vinywaji ni kazi ya Wazungu na divai yao nyekundu. Basi tuangalie mfano wao ulio maarufu. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux waliziweka divai nyekundu za kwao katika madaraja matano. Kipimo chao kikubwa kilikuwa bei ambayo kila divai ilipata sokoni kwa miaka mingi. Hata sisi soko ndilo linalopima: mama ambaye bidoni yake inaisha kabla ya saa sita ana daraja la kwanza, na mtaa mzima unamjua. Tofauti ni kwamba daraja la Bordeaux limeandikwa kitabuni na halibadiliki kirahisi. La mama yetu linapimwa upya kila asubuhi, na akitia maji, kesho yake atarudi na bidoni nzima.

Lakini leo tuna shida mbili. Miti inakatwa kwa ajili ya makala, pori linarudi mbali na mji, na mizizi inatafutwa mbali zaidi. Tena wako watu wanaotia sukari ya dukani na chachu ya mkate mahali pa mizizi. Kinywaji hicho ni kitamu upesi, ila hakina ule ukali wa mwisho. Mtoto aliyezoea sukari atakiita munkoyo, na muuzaji hatakuwa tena na sababu ya kuhangaikia mizizi.

Wazazi, tuwaonjeshe watoto munkoyo ya kweli ya leo, tuwaambie watafute mzizi ule kwa ulimi. Na mama anapouza ya sukari, tumwambie wazi, kwa heshima: "Mama, hii haina mizizi."