Mahmoud Mohamed, jenerali wa Garissa aliyemrejeshea Moi urais

Jenerali Mahmoud Mohamed, mwenyeji wa Garissa, ndiye aliyeongoza wanajeshi watiifu walioikomboa stesheni ya Sauti ya Kenya jijini Nairobi mnamo Agosti 1, 1982, baada ya waasi wa jeshi la wanahewa kutangaza kuwa wamempindua Rais Daniel arap Moi.

Mwaka uliofuata ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, akateuliwa Waziri wa Nchi katika Afisi ya Rais, Msomali wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri. Mahmoud mwenyewe alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1986 hadi 1996.

Fadhila hizo hazikuvuka mto Tana. Kutoka Garissa hadi Kutulo na Mandera, raia waliishi chini ya sheria za hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, na hazikufutwa hadi 1991. Februari 1984, miezi 18 baada ya jaribio la mapinduzi, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawaua wengi. Hapo awali serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikadiria, mnamo 2013, karibu 1,000. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali Machi 2015.