Kwa nini hukati tiketi moja ya treni kutoka Dodoma hadi Lusaka?

Tanzania na Zambia ni majirani, na ipo reli inayopita nchi zote mbili. Sasa mbona mtu akitaka kwenda kwa treni kutoka makao makuu ya nchi moja hadi ya nyingine, hapati tiketi moja ya safari nzima?

Wengi watakujibu haraka: reli zetu hazilingani. Ni kweli, ila nusu tu. Reli ya Kati ile ya zamani, inayopita Dodoma na yenye tawi la kwenda Mpanda, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Milimita 67 ni pungufu ya upana wa kiganja chako, lakini zinatosha kulizuia behewa. Ndiyo maana pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe. Halafu SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina 1,435. Upana wa tatu huo!

Lakini nenda hadi mwisho wa TAZARA, Kapiri Mposhi, kilomita kama 200 kaskazini ya Lusaka. Reli ya Zambia inayopita pale ina milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Chuma hakina ugomvi tena. Hata hivyo stesheni ni mbili tofauti, na tiketi ya TAZARA inaishia hapo. Kwa hiyo tatizo si chuma peke yake. Tatizo ni hesabu.

Waingereza walikutana na jambo hili mapema. Reli zao zilijengwa na kampuni nyingi, na abiria aliyepita kwenye tatu alikata tiketi tatu. Mwaka 1842 wakaanzisha London ofisi iliyoitwa Railway Clearing House. Kazi yake ilikuwa kugawa pesa: abiria analipa mara moja, makarani wanapiga hesabu ya umbali, kila kampuni inapata fungu lake. Jaribu kwetu. TAZARA ina kilomita 1,860. Ongeza 200 za kufika Lusaka. Katika kila shilingi ya nauli, TAZARA ingechukua kama senti 90, na reli ya Zambia senti 10. Hesabu nyepesi kabisa, ila lazima wakubwa wakae mezani na wakubaliane.

Na kukubaliana tunaweza, maana tulishafanya. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zikatia saini mkataba mjini Beijing. Ujenzi ukaanza 1970, na reli ikakabidhiwa 1976. Nchi mbili zikamiliki shirika moja. Matokeo yake, abiria alikata tiketi Dar es Salaam akavuka mpaka wa Tunduma na Nakonde akiwa kitini mwake. Maofisa uhamiaji ndio waliopanda treni kumfuata.

Lakini mkataba ukifa, chuma hakikusaidii. Reli ya Kenya ilifika Kampala mwaka 1931, na kwa miaka mingi Nairobi na Kampala zilihudumiwa na shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, shirika likagawanywa. Reli zilibaki palepale zilipolazwa. Kilichogawanyika ni ofisi.

Huenda ukasema, tiketi tatu zina ubaya gani? Chukua mtu wa Kaengesa. Kwao Ufipa treni haifiki: reli ya Mpanda iko mbali kaskazini, TAZARA iko Tunduma, na kufika huko ni basi kupitia Laela. Huyu akipanga kwenda Lusaka kwa treni, akikata kipande kipande, kila anayemuuzia anawajibika kwa kipande chake tu. Treni ya kwanza ikichelewa akakosa usafiri wa pili, nauli imekwenda na hakuna wa kumdai. Tiketi moja inaugeuza mzigo huo: kuchelewa kunakuwa shida ya wasafirishaji wenyewe, wamalizane huko ofisini kwao.

Mwaka 2024 nchi hizohizo tatu zilitia saini makubaliano mengine Beijing, ya kuifufua TAZARA. Utasikia mengi kuhusu vichwa vya treni na mataruma mapya, na ni sawa, vinahitajika. Ila wewe ukipata nafasi ya kuuliza, uliza na hili: tiketi yangu itaishia wapi, na nikikosa treni ya mbele, nani atalipa?