Jinsi ya kuchagua kufuli na king'ora cha pikipiki

MWENYE pikipiki hulala na hofu moja: kuamka alfajiri na kukuta mahali alipoiegesha pakiwa patupu.

Hofu hiyo imewaenea watu wengi zaidi tangu 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na biashara ya bodaboda ikashika kasi mijini na vijijini. Wengi wa waendeshaji hununua vyombo vyao kwa mkopo. Pikipiki inapoibwa, mapato hukatika siku hiyo hiyo, ilhali mara nyingi deni hubaki.

Aidha, bima ambayo sheria humlazimisha mwenye pikipiki kuwa nayo ni ya kuwafidia watu wengine wanaoumia au kufa katika ajali. Bima hiyo haimlipi mtu aliyeibiwa. Anayetaka fidia ya wizi hana budi kulipia bima ya ziada.

Kwa sababu hiyo, kufuli na king'ora si mapambo. Hata hivyo, kabla ya kutoa pesa, ni vyema kuelewa kila kifaa hufanya kazi gani. Kufuli humchelewesha mwizi, nacho king'ora humwita mtu. Hakuna kufuli isiyokatika kabisa, wala king'ora kinachoweza kumkamata mwizi. Basi swali la kwanza si bei, bali ni hili: pikipiki yako hulala wapi, na ni nani atakayesikia ikiguswa?

KUFULI

Pikipiki nyingi huwa na kufuli ya usukani iliyotoka nayo kiwandani. Itumie kila mara, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa mtu mwenye nguvu anaweza kuivunja kwa kuuzungusha usukani kwa kishindo.

Kufuli ndogo ya kubana sahani ya breki ni nyepesi na hutoshea mfukoni. Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi za uchukuzi hutumia breki za ngoma, ambazo hazina sahani hiyo. Kagua magurudumu yako kabla ya kununua. Hata ikitoshea, kufuli hii huzuia gurudumu kuzunguka tu. Wanaume wawili au watatu wanaweza kuiinua pikipiki na kuipakia kwenye gari.

Mnyororo ndio unaofaa zaidi, mradi uifunge pikipiki kwenye kitu kisichong'oka: nguzo imara, au pete ya chuma iliyochimbiwa ndani ya zege. Chagua mnyororo wa chuma cha pua kilichokazwa kwa moto. Mnyororo wa kawaida wa dukani, hata ukionekana mnene, hukatwa upesi kwa mkasi wa chuma.

Unene nao ni muhimu. Pete za mnyororo zenye unene wa milimita 12 au 13 humtaabisha mwizi mwenye mkasi wa mkono. Zenye milimita 16 humshinda karibu kabisa, lakini mnyororo huo huwa na uzani wa takriban kilo tano kwa kila mita. Huo ni wa kuacha nyumbani, si wa kubeba kazini. Ikumbukwe pia kwamba mashine ya umeme ya kukatia chuma hushinda minyororo mingi. Faida iliyopo ni kwamba mashine hiyo hupiga kelele na kutoa cheche.

Kufuli ya mnyororo iwe na nguvu sawa na mnyororo wenyewe. Ni kazi bure kununua mnyororo mnene kisha kuufunga kwa kufuli ya sanduku. Pitisha mnyororo kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma, kwani gurudumu la mbele hufunguliwa kwa urahisi na kuachwa limefungwa peke yake. Usiuache mnyororo ukilala chini, maana ardhi humpa mwizi mahali pa kuegemeza mkasi au kupigia nyundo.

KING'ORA

King'ora cha kawaida huwa na kifaa kinachohisi mtikisiko, honi yake, na rimoti ya kukiwasha na kukizima. Kinafaa sana penye majirani, mlinzi au wenzako wa stendi. Kwenye maegesho yaliyojitenga, mwizi hukata nyaya na kuendelea na kazi yake.

Mambo manne yachunguzwe. Kwanza, kiwango cha kuhisi mtikisiko kiweze kurekebishwa. King'ora kinacholia kila lori linapopita huwachosha majirani, na usiku wa wizi wenyewe hakuna atakayetoka nje.

Pili, kiwe kimezibwa vizuri dhidi ya mvua, vumbi na maji ya kuoshea pikipiki.

Tatu, uliza kinavuta umeme kiasi gani kikiwa kimya. Kwa mfano, kinachovuta miliampia 10 kinaweza kumaliza betri ya ampia-saa 5 kwa muda wa siku 20 hivi, iwapo pikipiki haiwashwi. Betri iliyochakaa huisha mapema zaidi.

Nne, kiwe na uwezo wa kuzuia injini isiwake. Hapo hata mwizi akiunganisha nyaya za swichi, italazimu aisukume pikipiki. Lakini jihadhari na vifaa vinavyozima injini ghafla kwa rimoti pikipiki ikiwa mwendoni. Kosa dogo la kubonyeza, au hitilafu ya nyaya, linaweza kukuangusha mbele ya matatu.

Mtafute fundi anayeaminika, na usimame hapo akifunga kifaa. Nyaya zifichwe, ziwe na fyuzi, na zisipite karibu na ekzosi. Rimoti zote zinazokuja na king'ora ziwe mikononi mwako kabla hujaondoka.

KIFAA CHA KUFUATILIA

Kuna pia vifaa vinavyotumia setilaiti na kadi ya simu kuonyesha pikipiki iliko. Haviuzuii wizi, ila husaidia msako uanze mapema. Hutegemea mtandao wa simu na malipo ya kadi. Kadi ikiisha muda, kifaa kimekufa. Wanaonunua kwa mkopo huenda wakakuta kifaa hicho tayari kimefungwa na kampuni iliyowakopesha. Uliza ni nani anayekisimamia, na kitakuwa cha nani deni likiisha.

Kifaa kikionyesha pikipiki iko mahali fulani, usiifuate peke yako. Piga ripoti kituo cha polisi na upewe nambari ya OB. Nambari ya injini na ya chesisi, pamoja na picha ya alama za pekee za pikipiki yako, zihifadhiwe nyumbani na kwenye simu, kwa kuwa nambari ya usajili ndiyo hubadilishwa kwanza.

Kwa mwenye pesa za kifaa kimoja tu, uamuzi ni huu. Ikiwa pikipiki hulala nje au kwenye ploti isiyo na mlinzi, nunua mnyororo na uchimbie pete ya chuma. Ikiwa hulala karibu na dirisha lako, ndani ya ua wenye watu, king'ora kitakufaa. Mchana kwenye stendi, macho ya wenzako pamoja na kufuli ya usukani husaidia sana.

Vifaa hivi vyote ni vya kulinda pikipiki iliyoegeshwa. Havimlindi mwendeshaji anayebeba abiria asiyemjua usiku na kuamriwa kuingia njia isiyo na watu. Wizi wa namna hiyo huzuiwa kwa kukataa safari ya kutiliwa shaka, na kwa kumwarifu mwenzako unakoelekea. Ukitishwa kwa kisu au bunduki, toa ufunguo. Kampuni ya mikopo itakudai pikipiki, lakini watoto wako watakudai wewe.